Kutoka Matangani na Perlita

"Usisimame hapa," Lola Pacing, bibi yake Marisol, alisema kutoka kiti cha nyuma. "Mikate ya huyu ina sukari mno."

Marisol alikuwa ameshakanyaga breki. Akaiachia, gari likasogea, na duka la mikate likapita dirishani na harufu yake yote. Alikuwa anaogopa.

Walikuwa wanatoka kwenye kanisa la mjini, alikolala babu yake, Lolo Selmo, ndani ya jeneza, akisubiri kuzikwa. Bibi alitaka kwenda nyumbani kuoga na kubadili nguo, kisha warudi kukesha.

Na ukitoka kwa maiti huendi nyumbani moja kwa moja. Hata mtoto wa chekechea anajua. Unapita pengine kwanza, dukani, mgahawani, popote penye watu. Unashuka, unatafuna japo andazi, ili marehemu aliyekuandama apotelee hapo hapo. Usipofanya hivyo umemkaribisha ndani. Si kwamba wafu wana roho mbaya, la. Wana upweke tu, na kinachowavuta ni vitoto vichanga. Mtoto wa jirani alianza kuichekea pembe ya ukuta baada ya matanga ya babu yake. Homa ikampanda, wakamzika kabla mwezi haujaisha.

Marisol alikuwa na mtoto nyumbani. Andoy, hata shingo haijakaza, amemwacha na baba yake. Lolo alilazwa hospitali kabla mtoto hajazaliwa, na hakutoka tena.

"Basi pale kwenye kituo cha mafuta, Lola."

"Ukimzima Perlita ana joto, hawaki tena. Unataka tulale njiani?"

Perlita ndilo jina ambalo Lolo alilipatia gari lake, la buluu iliyopauka, kongwe kuliko hata mama yake Marisol. Kila asubuhi alikuwa akilibembeleza kabla ya kuliwasha, na mtu akithubutu kuliita mkweche, hasemi naye kutwa nzima. Macho yake yalipoingia ukungu alihamia kiti cha abiria, akawa anaendesha kwa mdomo. "Gia, we mtoto, gia. Humsikii anavyolia?" Marisol alijifunza udereva kwa kufokewa hivyo hivyo, na alimpenda babu yake na makelele yake yote. Ndiyo maana aliona aibu kumwogopa sasa. Lakini alimwogopa. Kioo cha kutazamia nyuma alikigeuza juu asije akaona kitu.

Alinyoosha mkono kutafuta kitambaa ajifute jasho, akakumbuka mkoba haupo. Alikuwa ameuweka kiti cha mbele walipoondoka, Bibi akauchukua na kuupakata. "Vitu vitamwagika kwenye kona," alisema.

"Polepole kwenye matuta," Bibi alisema tena.

"Springi nimebadilisha juzi juzi tu, Lola."

"Nimesema polepole."

Walivuka daraja, wakaingia kwenye mashamba ya mpunga. Mbele kilibaki kibanda kimoja tu cha vitafunio, cha mzee Mang Turo, kisha nyumbani. Safari hii Marisol hakuomba ruhusa. Alisimamisha gari, akaacha injini inanguruma, akashuka.

"Shuka na wewe, Lola. Tafadhali."

"Magoti," Bibi alisema. "Wewe nenda, inatosha."

Alinunua mkate mdogo akaula wima, kwa pupa, nusura umkwame. Akajipangusa gauni kama aliyetoka kwenye vumbi, akaangalia barabara walikotoka. Hakukuwa na mtu. Pumzi ikaanza kumrudi. Baki hapa, Lolo, alisema moyoni. Nisamehe, lakini baki hapa.

Aliporudi alimkuta Bibi ameinamia mbele, mkono kwenye egemeo la kiti cha abiria, midomo inacheza.

"Unasema nini, Lola?"

"Nasali."

Marisol akamhurumia. Maisha yote na mume mmoja, si mchezo. Aliliondoa gari bila kumsumbua tena.

Walipoingia uani, Andoy alikuwa analia ndani, kilio cha njaa cha kila siku, cha mtoto mzima wa afya. Marisol alikaribia kucheka. Alishuka mbio, kisha akasikia mlango wa gari ukikwaruza, akamkumbuka Bibi na magoti yake, akageuka kumsaidia.

Bibi alikuwa ameshashuka. Alilizunguka gari kwa wepesi, akaufungua mlango wa abiria wa mbele hadi mwisho, akatoa kiwiko chake na kusubiri.

"Haya, Selmo, kanyaga taratibu," alisema. "Ndiye huyo analia. Twende ukamwone."