Kaburi la Sadrack

Barnabé alikaa kitako juu ya kaburi la mwanawe, akawaambia wafukuaji waanzie kwa wengine.

Maji ya bwawa yalikuwa yameshameza mihogo. Mto Lualaba ulivimba kila siku bila kurudi nyuma, na panya walikuwa wamekwisha kuhamia mlimani kabla ya watu. Kampuni iliyojenga bwawa ilikuwa imeahidi kwamba kila kaburi lenye mwenyewe litafukuliwa, mifupa ipelekwe kijiji kipya.

Barnabé alitaka marehemu aachwe apumzike. Mkewe, Charlotte, hakutaka hata kusikia. Bila kaburi hili hapandi lori, alisema, maji yamkute hapo hapo.

Maskini Barnabé, angemwambiaje? Miaka sita iliyopita shimo la kobalti lilimfunika Sadrack huko Musonoi, na mwili haukupatikana. Wanaume walizika gogo la mgomba mahali pake, kama ilivyo desturi. Lakini Charlotte alikuwa akilia kwamba anamtaka mtoto wake, na Barnabé, kwa kumhurumia, alipigilia jeneza misumari na kumwapia kwamba Sadrack yumo. Juma lile la kilio Charlotte akaugua. Wanawake walimfungia ndani na kuwazuia wanaume mlangoni, naye Barnabé hakuwa na moyo wa kumwongezea pigo jingine. Tangu hapo, kila Jumapili, mama wa watu alifagia kaburi na kuongea na mgomba. Uongo ule ulimla Barnabé mpaka ndani ya mifupa.

Mwishowe wafukuaji walimwinua kwa mikono, makoleo yakaingia. Aliomba maji yafike kwanza, lakini hayakufika.

Ndani ya jeneza mlikuwa na misumari yenye kutu na udongo mweusi, basi. Wafukuaji walitazamana. Barnabé alipiga magoti.

"Mama Sadrack, nilikudanganyaka."

Charlotte alishuka shimoni mwenyewe, akawaonyesha wafukuaji upande wa miguuni na kuwasihi wachimbe polepole. Baada ya kitambo lilitoka furushi la kitenge, dogo kama mkate. Alilipokea kwa mikono miwili, akapanda nalo hadi alipopiga magoti mumewe.

"Sadrack haiko humu, nilijuaka tangu mwanzo," alisema. "Huyu ni mudogo yake. Bamama balimuzika hapa ile juma ya kilio, kabla wewe ujue kama nilikuwa na mimba."