Nepi za Milwaukee

"Nilimruhusu mwenyewe," Arvid Tollefson alisema kwenye simu, mara ya tatu sasa. "Kadi yangu, ruhusa yangu. Wizi uko wapi hapo?"

Upande wa pili, mpelelezi aliyeitwa Bi Delgado alishusha pumzi. "Bwana Tollefson, tumeshamkamata. Amekutwa na kadi za benki za watu kumi na mmoja. Kutumia kadi ya mtu bila idhini yake ni kosa chini ya sheria za serikali kuu, hili halimalizwi kwa kupeana mikono. Wenzako kumi wameshaandika kwamba waliibiwa. Umebaki wewe tu. Anafikishwa mbele ya jaji Alhamisi."

"Basi Alhamisi nitakuja," akasema Arvid, akakata simu kabla hajatajiwa jina la aliyekamatwa. Ya nini kutajiwa?

Miaka miwili nyuma, Marit, mwanawe wa pekee, aligombana naye jikoni. Arvid alimwambia maneno ambayo mzazi akiyatoa hawezi kuyarudisha. Msichana alichomoa kadi kwenye pochi ya baba yake, akatoka bila simu, bila mkoba, theluji ikianguka.

Asubuhi Arvid alipiga simu benki ili kadi ifungwe. Mhudumu akamsomea: jana yake ilikuwa imekata tikiti ya basi.

"Iacheni," Arvid alisema. "Angalau amekaa kwenye kiti."

Tangu hapo taarifa ya benki ikawa barua yake. Aliisoma mezani, miwani puani, kama wengine wanavyosoma habari za watoto wao walio mbali. Chipsi mjini Oshkosh. Viatu mjini Fond du Lac. Kisha wiki tano hakukuwa na kitu, na Arvid akakonda mpaka wenzake wa kiwanda cha jibini wakaanza kumletea mabonge yake nyumbani. Wiki ya sita, kadi ikaonekana jijini Milwaukee. Alilia peke yake, akicheka.

Mwaka wa pili likaja duka la vitu vya watoto wachanga. Mwezi uliofuata, lilelile.

"Nepi, Inga!" alimwambia dada yake. "Ananunua nepi. Mimi ni babu!"

"Kaka, huo ni ubabu wa kwenye karatasi," Inga alijibu. "Nenda polisi useme mtoto amepotea."

"Kapotea wapi? Mimi najua mpaka duka analonunulia."

"Na mbona hakupigii?"

"Ana hasira. Kanirithi mimi." Akakunja karatasi ile taratibu. "Anakula kwangu bado. Siku hasira zikiisha, atakuja."

Alhamisi ile alivaa suti aliyomzikia mkewe, akaendesha gari kwa muda wa saa tatu kwenda Milwaukee. Njiani alifanya mazoezi kwa sauti. "Mheshimiwa, huyu nilimruhusu." Hiyo ilikuwa ya jaji. Ile ya Marit ilimshinda. Kila alipofika "nisamehe, mwanangu", alilazimika kufungua dirisha.

Bi Delgado alimkuta mlangoni mwa ukumbi wa mahakama. "Afadhali umekuja. Utasema kwamba uliibiwa?"

"Nimekuja kuomba aachiwe. Nirudi naye nyumbani."

Mpelelezi akamkazia macho. "Kwani unamfahamu?"

"Nimfahamu! Nimemlea."

Bi Delgado alifungua mdomo, lakini karani akaita watu wote wasimame.

Arvid akajibana benchi la mbele, karibu kabisa na meza ya mshtakiwa, ili Marit akigeuka tu amwone. Alijipangusa macho mapema, asije akamwaibisha mtoto mbele za watu.

Mlango wa pembeni ukafunguka. Askari wakaingiza mwanamume wa makamo, kipara, aliyevaa sare ya mahabusu. Arvid akainamisha kichwa, akisubiri kesi hiyo ya watu wengine iishe.

Jaji akaanza kusoma majina ya wenye kadi. La sita lilikuwa Tollefson.

Arvid akainua kichwa. Akautazama mlango wa pembeni. Ulikuwa umefungwa.

"Unakiri makosa haya?" jaji akauliza.

"Nakiri, Mheshimiwa. Nina mtoto mchanga nyumbani, mambo yalinizidi."

"Sitapokea kukiri kwako mpaka unieleze kwa kinywa chako ulivyofanya. Kadi kumi ulinunua namba zake kwa wezi, hilo nimelisoma. Hii ya Tollefson haijaelezwa. Uliipataje?"

Mtu yule akamtazama wakili wake. Wakili akaitikia kwa kichwa kumwashiria aseme.

"Ile sikuinunua, Mheshimiwa. Wakati ule nilikuwa nafanya kazi hospitali, chumba cha maiti. Akaletwa msichana mmoja, kagongwa na gari barabara kuu. Nikampekua mifukoni." Sauti yake ikashuka. "Walikaa naye wiki nyingi wakisubiri atokee wa kumtambua. Hakutokea mtu, wakamzika hivyohivyo. Maana ile kadi, Mheshimiwa, ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho chenye jina."