Muwasho wa Mwatima

Siku hizi mtoto mwenye soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi, hawashwi. Mabaka yanabaki palepale, magotini na kichwani, yakipukutisha magamba, lakini mtoto anavishwa bangili na muwasho wote unahamia kwa mzazi. Muwasho wa Mwatima aliuchukua baba yake, Makame.

Makame hakuuficha. Wakati wa kula aliweka kijiko chini, akajikuna magoti kwa nguvu huku akiguna. Mwatima aliinamia sahani yake.

"Samahani, Baba."

"Usijali, mwanangu. Ndiyo mapenzi haya."

Asubuhi ya Idi, Makame aliamka mwili umetulia, hawashwi popote. Mtoto wangu amepona! Akakimbilia chumbani kwa Mwatima.

Bangili ilikuwa juu ya meza. Mwatima alikaa kitandani, ameuma ncha ya mto, anajikuna magoti hadi damu imelowesha shuka.

"Mwatima! Mbona umeivua?"

"Leo sikukuu, Baba," alisema, akijaribu kutabasamu. "Nilitaka na wewe upumzike."

Kisha akanyoosha mkono avishwe tena. Makame alibaki ameishika bangili. Siku zote alikuwa akijikuna mbele yake makusudi, ili mtoto aone jinsi anavyopendwa.