Jina la Pili

Diski ya zamani ilikuwa tayari mikononi mwa mgeni, mnunuzi aliyetoka Kinshasa. Mama alikuwa amekubali kubadilishana naye, apewe nakala mpya ya diski hiyo iliyotengenezwa Ulaya, nzito, inayong'aa kama kioo.

"Mama, hii mupya iko muzuri kupita ile," mgeni alisema. "Wimbo iko ile ile."

"Tusikilize kwanza," Mama alijibu.

Nikaiweka ile mpya kwenye gramafoni, nikashusha sindano. Gitaa lilianza vizuri, kisha likayumba kama mlevi. Tundu la katikati ya diski lilikuwa limetobolewa kando kidogo. Sauti ya mwimbaji ilizama katika mchakacho, kama mafuta yanayokaanga.

Mama alikuwa anangoja mwisho wa wimbo, pale mwimbaji anapowataja rafiki zake. Jina la pili ni Delphin, baba yangu. Alipouawa kwenye barabara ya Nyankunde hatukupata mwili wa kuzika, na nyumba iliungua na picha zote. Diski ya zamani ilipona kwa sababu jirani alikuwa ameiazima.

Jina la kwanza likapita. Mama akainua kidole.

Sindano ikaruka. Likaja jina la tatu.

"Ni kosa kidogo tu, Mama. Siku hizi zote ziko vile," mgeni alisema, huku akiitia diski ya zamani mkobani.

Mama alisimama, akafunga mlango, akauficha ufunguo ndani ya kitenge chake. Akaketi.

"Rudisha sindano, weye mwenyewe," alisema. "Utairudisha mpaka iite jina ya bwana yangu."