Wino wa Tulizo

Kijijini Itunduma hakuna tena anayepanga foleni ya kura. Mtambo wa uchaguzi unakumbuka ulivyopiga kura miaka yote, basi unakupigia, nawe unaamka kidole kidogo kimeshaota wino.

Mwaka huu Sekela alikuwa amekusudia kumnyima kura mwenyekiti. Alipoamka, wino ulikuwepo. Akapasha maji ya kumwogesha Tulizo, binti yake wa miezi minne.

Alipomkunjua ngumi, kidole kidogo cha mtoto kilikuwa cheusi.

Akachota jivu, akakisugua mpaka mtoto akalia.

“Mwache, mama Tulizo,” mumewe alisema kwa sauti ya chini, akifunga dirisha. “Watu wa mwenyekiti wanapita nyumba kwa nyumba, wanamtafuta yeyote aliyefuta wino.”

Sekela akakitazama kile kidole. Kilikuwa kimeshatakata.