Mapigo Matatu ya Zaituni

Zaituni alikuwa amelala hospitalini, waya zimebandikwa kifuani, mashine inachora mapigo ya moyo wake kwenye karatasi. Kibwana, mchumba wake wa zamani, akabisha hodi, akaingia kumpa pole. Shomari, mumewe, hata salamu hakuitikia. Macho yote kwenye karatasi: leo atajua kama mkewe bado anampenda huyu. Vijiti vyembamba vya wino vilikuwa vinajipanga sawasawa.

"Umeona?" akamtambia Kibwana. "Moyo wake haujashtuka hata kidogo!"

Nesi aliyekuwa kando ya mashine akacheka. "Kaka, hivyo vijiti ni vya betri ya kuusukuma moyo tuliyompandikiza. Betri haimjui mtu."

"Na hapa pasipo na kijiti?" Shomari akauliza.

"Hapo moyo umepiga wenyewe."

Yalikuwa mapigo matatu. Shomari akaikwanyua karatasi, akaipeleka dirishani, akawa anaipima kwa ukucha, akitafuta ni wapi hasa Kibwana alibisha hodi.