Kiota cha Kunguru

Ndege walipokuwa bado wananunua viota dukani, muuzaji wao alikuwa Kasuku, bingwa wa maneno. Aliuza viota vya Mnana, mfumaji hodari, na vya Kunguru, aliyerundika vijiti ovyo.

Kunguru akamwalika Kasuku kwenye semina, akamlisha karanga mpaka akavimbiwa, kisha akamfundisha la kusema.

Hua alipokuja, siku zake za kutaga zimekaribia, aliomba ushauri.

"Chukua cha Kunguru, dada," Kasuku akasema bila haya. "Hicho cha Mnana kinavuja."

Hua akamwamini, maana nani aijuaye bidhaa kama muuzaji?

Upepo wa kwanza tu, vijiti vikaachana, mayai yakapasukia chini. Hua akarudi dukani na maganda, akayamwaga mbele ya Kasuku.

"Mimi nilisema nilivyofundishwa," Kasuku akajitetea.

Hapo vifaranga wakasikika wakilia juu ya paa. Hua akainua macho. Watoto wa Kasuku walikuwa wanachungulia kutoka kwenye kiota cha Mnana, kikavu, kimeshikamana vizuri.

"Kumbe kwa wanao," Hua akasema, "hukungoja semina."